Sungura Wako Analala Wapi?

Mwezi huu tunawaletea habari ya nyumba. Si nyumba ya watu, ni nyumba ya sungura. Wengine watacheka. Lakini hapa Manguredjipa, sungura mmoja jike aliyetunzwa vizuri anaweza kusaidia daftari la mtoto, sabuni na chumvi. Akifa usiku mmoja, hayo yote yanakwenda naye.

Tangu mwaka 2024, mashambulizi katika Bapere yamelazimisha jamaa nyingi kuacha mashamba yao na kukimbilia kwenye senta, wengine mpaka Butembo. Mtu aliyeacha shamba mbali hawezi kufuga ng'ombe, na mbuzi anahitaji malisho. Sungura anahitaji pembe ndogo ya kiwanja na majani yanayopatikana kando ya njia. Tena mimba yake inachukua siku 31 hivi tu. Ndiyo maana jamaa nyingi zinaanza na sungura, na mara nyingi ni watoto ndio wanaomlisha na kumpa jina.

Watu wanasemaka: "Sungura anakufaka ovyo." Sisi tunasema hapana. Ukichunguza vizuri, mara nyingi utakuta kilichomuua ni mahali alipolala.

Makosa tunayoyaona mara kwa mara

La kwanza, sungura kuachwa chini, kwenye udongo wa kizini. Pale kuna moshi, unyevunyevu na mkojo. Mkojo unatoa hewa kali ya amonia, ile inayowasha macho ukiinama. Kama wewe inakuwasha, yeye anaivuta mchana na usiku. Ataanza kupiga chafya, kisha kamasi, kisha mapafu yanaharibika. Na anapokula majani yaliyochafuliwa na mavi, anapata koksidiozi: watoto wanaharisha, matumbo yanavimba, wanakufa mmoja baada ya mwingine.

La pili, joto. Butembo iko juu, kuna baridi. Huku kwetu chini, karibu na msitu, ni tofauti. Sungura hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa masikio yake makubwa. Joto likipita nyuzi 30 anaanza kuteseka. Mabati yasiyo na kivuli yanageuza kibanda kuwa sufuria.

La tatu, maadui wa usiku: siafu, nyoka, nguchiro, mbwa, panya wanaouma vitoto, na mwizi wa miguu miwili. Siafu wakiingia, asubuhi unakuta mifupa.

Kibanda kinachofaa

Hatuhitaji simenti. Fito, mianzi, mbao za mabaki na misumari vinatosha. Usitumie mbao zilizopakwa dawa, maana sungura atazitafuna.

Kwa jike mmoja na watoto wake, pima urefu wa sentimeta 90, upana 60, kimo 50 hadi 60. Akisimama kwa miguu ya nyuma, masikio yasigongwe na paa. Akijinyoosha, asijikunje.

Kinyanyue kwa miguu ya mbao, karibu mita moja kutoka chini. Hapo hewa inapita, mavi yanaanguka, na mama anafagia bila kuumiza mgongo. Sakafu iwe ya fito laini zenye nafasi ya sentimeta 1 na nusu kati yao: mavi yapite, mguu usinase. Ukitumia waya wa treyi, weka kipande cha ubao pembeni ili apumzishe miguu, maana waya peke yake unatoboa nyayo na kuleta vidonda.

Urefu wa kibanda uende kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani moja kwa moja. Upande unaotoka upepo wa mvua uzibwe kabisa, upande wa pili uwe wazi na fito. Paa la majani ni baridi kuliko bati. Kama unalo bati, weka majani juu yake, na paa litokeze mbele ili mvua isirushe maji ndani. Chini ya mti wa avoka au wa embe ni mahali pazuri, lakini usimpe sungura majani ya avoka, yanamdhuru.

Kwa siafu, weka kila mguu wa kibanda ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya pikipiki. Kazi hiyo ni bure kama kibanda kinagusa ukuta au kama jani refu linakigusa. Siafu watapita hapo kama darajani. Baada ya mvua kubwa angalia makopo, maana maji yanasukuma mafuta nje.

Dume akae peke yake. Jike akifika siku ya 28 ya mimba, mwekee sanduku la kuzalia la sentimeta 40 kwa 30, lenye majani makavu. Atanyoa manyoya yake mwenyewe na kutandika.

Kila siku na kila juma

Maji safi kila siku, kwenye chombo kizito kisichopinduka. Matembele na nyasi zilale kivulini kwanza, zinyauke. Nyasi zenye umande zinavimbisha tumbo. Usizitupe sakafuni, zifunge kwenye kihori. Fagia kila siku, kila juma sugua na anika juani. Mavi usiyatupe: yanakuwa mbolea nzuri ya lengalenga na kabichi.

Watoto wakitaka kucheza naye nje, mzungushie uzio mdogo kwenye nyasi kavu, mtu mkubwa akiwa karibu, na usogeze uzio kila mara. Baada ya kumshika, mikono na sabuni. Sungura mgeni kutoka sokoni atengwe kwanza majuma mawili.

Na sungura aliyekufa mwenyewe haliwi, anazikwa. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyofika hata zone yetu ya afya, ilitufundisha kuogopa nyama ya mnyama tusiyejua kimemuua nini. Nyama tuliyoifuga wenyewe, tukajua inakula nini na inalala wapi, ni usalama wa sahani yetu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Koperative moja inaweza kufanya kama likelemba: leo wote wajenge kibanda kwa mwanamemba mmoja, juma lijalo kwa mwingine. Fito ziko, mikono iko. Leteni jambo hili kwenye mkutano ujao, na muanze na yule ambaye sungura wake bado analala chini.