Moto Ndani ya Motakaa: Kwa Nini Gari la Mbio Huchoka Upesi

Kaeni vizuri, na kila mwenye daftari afungue ukurasa mtupu, maana leo tutaandika tarakimu.

Somo letu limetokana na swali. Dereva mmoja wa lori, ambaye ni mwanafunzi wa madarasa haya ya jioni, amesoma habari za gari la Kimarekani lenye nguvu za farasi 650. Akasoma pia ya kuwa baadhi ya wenye magari hayo walilalamika: wakiyapeleka katika uwanja wa mbio, baada ya dakika chache yanapata joto na nguvu zinapungua. Naye anauliza hivi: “Lori langu hupanda milima mchana kutwa na mzigo tani kumi, wala halichemki. Yawezekanaje gari la fedha nyingi kama lile lishindwe na joto?”

Hilo ni swali la mtu anayefikiri, na jibu lake litakufaa hata kama hutagusa gari la mbio maisha yako yote.

Kwanza uelewe magari hayo hufanya nini huko uwanjani. Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna desturi ya mwenye gari kulipa ada, akalipeleka gari lake mwenyewe katika uwanja wa mbio, akaliendesha kwa nguvu zake zote bila kuvunja sheria ya barabara. Si mashindano, hakuna kikombe wala zawadi. Huvaa kofia ngumu, hufundishwa maana ya bendera, kisha huingia kwa zamu, mara nyingi dakika 20 kwa zamu. Huko Ujerumani kuna uwanja uitwao Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927, ambao mzunguko wake wa kaskazini una urefu wa karibu kilometa 21. Siku nyingine watu wa kawaida hulipa na kuingia humo na magari yao.

Sasa fikiri juu ya gari hilo likiwa barabarani. Kwenda kilometa 100 kwa saa mahali tambarare, gari dogo lahitaji nguvu za farasi 20 au 25 tu. Farasi wengine 600 na zaidi wamelala zizini. Dereva akitaka kumpita mwenziwe huwaamsha kwa nukta tano au sita, kisha huwarudisha kulala. Lori lako sivyo. Aliyeliunda alijua kwamba litapanda mlima saa nzima na injini ikivuta kwa nguvu zote, naye akalipa rejeta kubwa kama mlango. Gari la mbio lina pua nyembamba, na mahali pa kuweka rejeta ni padogo. Likiingia uwanjani, farasi wote huamshwa pamoja, na hawalali tena mpaka zamu iishe.

Na kila farasi hutoa joto. Chukua shilingi moja ya petroli. Katika injini ya kawaida, kama senti 30 tu ndizo zinazosukuma gari. Senti 70 zote ni joto. Nyingine hutoka na moshi kwa nyuma, nyingine huingia katika maji ya rejeta na katika oili. Kwa hiyo ukitaka nguvu nyingi, umetaka moto mwingi pia.

Lakini gari tunalolisema lina jambo moja zaidi. Lina supachaja.

Supachaja ni nini? Wazee wetu wahunzi walijua siri yake zamani. Mhunzi akitaka moto mkali haongezi mkaa peke yake. Hupuliza hewa kwa mvukuto. Moto hula hewa. Injini nayo ni vivyo hivyo: ikipata hewa nyingi, yaweza kuchoma petroli nyingi, na nguvu huongezeka. Supachaja ni mvukuto wa injini. Huzungushwa na injini yenyewe, nayo hushindilia hewa ndani ya silinda kama mtu anavyoshindilia pamba katika gunia. Wala sifanyi mzaha ninapotaja mhunzi. Aina moja ya supachaja bado huitwa kwa jina la ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, waliopata hati ya uvumbuzi wao mwaka 1860, zamani kabla ya motakaa. Mashine yao ilitumika kupuliza hewa katika tanuri za kuyeyushia chuma.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, kwa maana ndipo penye fundo. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Huna haja ya kunisadiki mimi. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma upesi upesi mara ishirini. Shika chuma cha pampu karibu na kidole. Kina moto. Sehemu ndogo ya moto huo yatokana na ngozi ya pampu kusuguana na chuma, lakini sehemu kubwa ni hewa yenyewe iliyobanwa.

Supachaja hufanya kazi hiyo hiyo bila kupumzika. Hewa ya nje ikiwa na joto la digrii 30, ikashindiliwa mpaka msukumo wake uwe mara moja na nusu ya ule wa kwanza, yaweza kutoka na joto la digrii 80 au 90. Hayo karibu ni maji ya chai. Hewa hiyo ya moto ina madhara mawili. Kwanza hutanuka, kwa hiyo inayoingia katika silinda ni chache, na faida ya kushindilia yapungua. Pili, na hili ndilo baya, mchanganyiko wa hewa na petroli uliokwisha kupata moto waweza kulipuka wenyewe, bila kungoja utaratibu wa plagi. Mafundi husema injini inagonga. Kila kugonga ni kama nyundo juu ya pistoni, na pistoni iliyogongwa hivyo muda mrefu hutoboka.

Ndiyo maana gari la siku hizi lina mtambo wa kompyuta unaosikiliza mgongo huo. Ukiusikia, au ukiona hewa na maji vimepata joto mno, hupunguza nguvu bila kumwomba dereva ruhusa. Dereva hukanyaga mafuta hadi chini, lakini gari haliitiki kama mwanzo. Yeye hudhani limeharibika. Kumbe linajiokoa.

Turudi kwa gari alilosoma ndugu yetu. Jina lake ni Corvette Z06, lililotolewa kwa mwaka 2015. Injini yake ina silinda nane katika safu mbili, na supachaja imekaa katikati ya safu hizo, kama sufuria juu ya mafiga. Waundaji walijua habari za joto, wakaweka juu yake rejeta ndogo ambamo hewa hupoozwa kwa maji kabla ya kuingia silinda. Maji hayo nayo huenda mbele ya gari kupoozwa. Kwa barabara ilitosha. Kwa uwanja, siku ya jua kali, wenye magari wengine waliona haitoshi, na mwaka 2017 baadhi yao walifungua shauri mahakamani. Kwa gari la mwaka huo huo wa 2017 waundaji walibadili boneti, wakaipa matundu makubwa zaidi ya kutolea joto, na mfuniko wa supachaja ukabadilishwa pia. Ndugu yake mkubwa, ZR1 ya mwaka 2019, mwenye farasi 755, alipewa rejeta 13. Hebu fikiri, rejeta kumi na tatu katika gari la watu wawili! Lakini Z06 mpya ya mwaka 2023 haina supachaja kabisa. Hupata farasi wake 670 kwa kuzunguka upesi sana, si kwa kushindilia hewa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1929 Uingereza ilianza kuona gari la Bentley lenye supachaja, iliyofungwa mbele kabisa, mbele ya rejeta. Bwana W. O. Bentley mwenyewe hakuupenda mpango huo. Aliona heri kuongeza ukubwa wa injini. Katika mbio za saa 24 za Le Mans, mwaka 1930, Bentley zenye supachaja zilizoanza hazikumaliza. Iliyoshinda ilikuwa Bentley kubwa isiyo na supachaja. Na mshindani wao wa Kijerumani, Mercedes, supachaja yake iliingia kazini pale tu dereva alipokanyaga mafuta mpaka mwisho, nayo ilikusudiwa kutumika kwa muda mfupi mfupi. Waundaji wa siku zile walijua kwamba mvukuto haupulizwi kutwa.

Je, mtu mwenye gari la namna hii afanye nini? Kabla ya siku ya uwanja, atazame maji na oili, na aoshe matundu ya rejeta, maana wadudu na majani huziba njia ya upepo. Akiingia, mzunguko wa kwanza aende polepole. Kisha akimbize gari mizunguko miwili au mitatu, macho yakienda katika vipimo kila afikapo mahali paliponyooka. Sindano ikipanda, atumie gia ya juu, injini izunguke polepole, na aende mzunguko mmoja kwa utulivu. Asimfuate mwenziwe karibu karibu, kwa maana atakuwa anakula upepo wa moto uliotoka kwa yule. Hali ikiwa mbaya, afungue kile kipasha joto cha ndani ya gari. Yeye atatoka jasho, lakini maji ya injini yatapata nafuu.

Na kofia ya rejeta asiiguse ikiwa na moto. Hili nalisema kwenu pia, ninyi wa malori na mabasi. Kofia ile huyabana maji yasichemke kwenye digrii 100. Kwa kofia nyingi huweza kufika karibu digrii 120 bila kuchemka. Ukiifungua, sehemu ya maji hugeuka mvuke mara moja, na maji ya moto pamoja na mvuke hukurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kushika bomba la juu kwa mkono.

Limebaki jambo la breki, na hapa si mali tu inayopotea. Breki hazili kasi bure. Huigeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,600 likienda kilometa 200 kwa saa kisha likasimamishwa, joto linaloingia katika breki latosha kuchemsha lita 7 za maji baridi. Kituo kimoja tu! Na uwanjani dereva hufunga breki mara nyingi katika kila mzunguko. Andika hili: kasi ikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kwa kilometa 100 kwa saa, gari hilo hilo lingechemsha lita 2 kasoro.

Joto hilo hupita katika vyuma mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya namba 4 hayapaswi kuchemka kabla ya digrii 230. Lakini mafuta haya hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakisha kunywa maji kiasi cha sehemu 4 hivi katika 100, huenda yakachemka kwenye digrii 155. Yakichemka, povu la mvuke huingia katika mabomba. Mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, pedali huzama hadi sakafuni, na gari haliongozwi na breki tena, kona ikiwa mbele yake. Ndiyo sababu mwenye akili hubadilisha mafuta ya breki kabla ya kwenda uwanjani, hata kama yaonekana mazuri. Pedali ikianza kulainika, asijaribu mzunguko mmoja zaidi. Apunguze kwa gia na atoke.

Akimaliza zamu, asizime injini papo hapo huku vyuma vikiwaka. Azunguke polepole kwanza. Upepo wa mwendo hupoza kuliko feni. Akisimama, afungue boneti, wala asivute breki ya mkono, kwa kuwa pedi za moto zaweza kugandamana na chuma. Aliache katika gia na aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Tena anywe maji yeye mwenyewe. Nimeona watu wakihangaikia sindano ya gari na kusahau vichwa vyao.

Basi, ndugu dereva, lori lako halikulishinda gari lile kwa ubora. Limepewa kazi linayoiweza, na rejeta inayotosha kazi hiyo.

Kwa juma lijalo kila darasa lifanye jaribio la pampu ya baiskeli. Mmoja asukume, mwingine ashike chuma, kisha muandike mistari mitano kueleza mlichoona. Wenye kupenda hesabu wajibu na hili: ikiwa gari letu kwa kilometa 200 kwa saa lachemsha lita 7, litachemsha kiasi gani kwa kilometa 50? Msikimbilie kugawanya kwa nne. Mwalimu wa darasa atawasahihishia. Kwa herini.