Onyo Litokalo kwa Mdogo

Mkulima wa Mitunguu aambiwapo na bwana shamba kwamba migomba yake ina ugonjwa, hakasiriki. Hung'oa shina lililoharibika. Lakini mkulima huyo huyo akionywa na kijana wa kanisani juu ya pombe, au juu ya deni asilolilipa, huuliza kwanza: "Wewe ni nani hata unionye?"

Swali hilo liliwahi kuleta hasara kubwa huko Uganda, katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, mwaka 1941. Wanafunzi wafuasi wa Uamsho, mmoja wao William Nagenda, waliamka kabla ya mapambazuko wakasali na kuhubiri, wakikemea waziwazi wizi na uasherati chuoni. Mkuu wa chuo akawakataza, hawakutii, 26 wakafukuzwa. Yamkini maneno yao yalikuwa makali, maana kijana mwenye bidii husahau adabu upesi. Hata hivyo ukali wa sauti yao haukujibu lililotakiwa kujulikana: wizi ulikuwapo, au haukuwapo?

Nagenda hakupata ukasisi kamwe. Alihubiri hivyo hivyo, akiwa mtu wa kawaida, hata ng'ambo, na wengi wakamsikiliza.