Chujio Lililosahaulika

Asubuhi ya tarehe 28 Aprili 1986, mfanyakazi wa kinu cha nyuklia cha Forsmark, Uswidi, alipita kwenye kipimo cha mionzi, king'ora kikalia. Viatu vyake vilikuwa na vumbi lililopeperuka zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kinu kilicholipuka cha Chernobyl, Muungano wa Sovieti. Wenzake walidhani kinu chao ndicho kinachovuja. Moscow ilikiri jioni ile, siku ya tatu tangu mlipuko.

Kipimo cha mbali, basi, ndicho kilichosema kabla ya mwenye ajali. Ndiyo maana hali ya vipimo hivyo leo inanitia hofu.

Chukua RadNet, mtandao wa shirika la mazingira la Marekani. Mtambo wake hauna makuu: pampu huvuta hewa usiku na mchana, vumbi linanasa kwenye chujio. Mara mbili kwa wiki mtu, mara nyingi wa kujitolea, anatakiwa kutoa chujio hilo, kuweka jipya, na kutuma la zamani maabara. Kazi ya dakika chache, isiyo na shangwe, na miaka nenda rudi haioneshi kitu. Kinu cha Fukushima, Japani, kilipoharibika Machi 2011, mitambo 25 kati ya 124 ilikuwa imekufa tayari kwa wastani wa siku 130. Wakaguzi walipochunguza mitambo 12, waliona sita ilikuwa imepitisha zaidi ya wiki nane bila kubadilishiwa chujio. Hakuna aliyeamua kuizima. Ilizorota yenyewe, na kuzorota kwa namna hii ndiko kugumu kugundulika.

Nchini Urusi kimya kilikuwa cha namna nyingine. Baada ya mlipuko wa tarehe 8 Agosti 2019 katika eneo la majaribio ya kijeshi la Nyonoksa, vituo vya Dubna na Kirov, vilivyo katika mtandao wa mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, viliacha kutuma takwimu. Warusi walijibu kwamba kutuma ni hiari.

Mtandao huohuo una kituo Dar es Salaam. Katika vituo vyake vya kunasa vumbi, hewa huvutwa kwa saa 24, chujio likaachwa saa 24 nyingine ili mionzi ya asili itokanayo na radoni ififie, ndipo lisomwe. Pampu ikilala siku moja, hewa ya siku hiyo imeshapita; hakuna maabara itakayoirudisha.