Skrini Mbili, Kompyuta Moja: Zipange Bila Kuanika Taarifa za Wateja

Ukipokea malipo kwa simu dukani na una kompyuta ya mezani pale kaunta, unajua shida ya skrini moja. Keshia anafungua bei za bidhaa, anarudi kuangalia kama pesa imeingia, halafu anarudi tena kwa bei. Foleni inakua. Katika haraka hiyo ndipo mtu anaonyesha ujumbe ghushi kwenye simu yake, anabeba mzigo, na jioni hesabu inakataa.

Skrini ya pili inatatua hilo: malipo yanabaki wazi mbele ya keshia muda wote, na mteja naye anaona bei upande wake. Lakini ukiipanga vibaya, unaweza kuwaonyesha watu wote kwenye foleni majina na nambari za wateja wako. Wacha tuifanye pamoja, hatua kwa hatua.

1. Angalia nyuma ya kompyuta

Kabla ya kununua chochote, tazama matundu ya skrini: HDMI, DisplayPort au VGA, lile la buluu lenye pini 15. Unahitaji matundu mawili. Kama kompyuta ina kadi ya grafiki, chomeka skrini zote mbili kwenye kadi hiyo, kwa sababu mara nyingi yale matundu mengine huzimwa kadi ikiwepo.

Matundu hayafanani na kebo zako? Tafuta adapta, lakini angalia inaelekea wapi. Adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi kinyume.

2. Usiuziwe splita

Hiki ni kile kikasha cha kugawa HDMI moja iwe mbili. Ni bei nafuu, lakini splita ya kawaida hutoa picha ile ile kwenye skrini zote mbili. Kwa kazi yetu ya leo haifai kabisa.

3. Bonyeza Windows na P

Shika kitufe cha Windows, bonyeza P. Utaona machaguo manne. Mawili ndiyo ya kuelewa vizuri:

- *Duplicate*: skrini zote zinaonyesha kitu kimoja. Kila unachoona wewe, mteja anakiona.
- *Extend*: kila skrini ina kazi yake. Hii ndiyo unayotaka.

4. Amua skrini ipi ni ya nani

Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini, kisha ufungue *Display settings*. Bonyeza *Identify* na namba 1 na 2 zitatokea. Buruta vile visanduku vikae kama skrini zilivyo mezani, ili mausi isipotee ikivuka. Kisha chagua skrini ya keshia na uweke alama kwenye *Make this my main display*. Arifa za Windows hutokea kwenye skrini kuu, kwa hivyo isiwe ile ya mteja.

Kuhamisha dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine, bonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia au kushoto.

Kwa nini tunasisitiza hivi?

Taarifa ya miamala ina jina, nambari ya simu, kiasi na saa. Tapeli akiisoma au kuipiga picha, ana hadithi kamili. Anampigia mteja wako: "Mama, ni sisi wa pale dukani, ile 1,850 yako imegoma, hebu tupe PIN turekebishe." Kwa sababu kiasi ni sahihi, mteja anaamini. Pesa ikienda, jina linaloharibika ni la duka lako.

Tena si suala la jina tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kaunta yako pia imo.

Kabla ya kufungua duka

Zunguka, simama pale mteja husimama, utazame. Upande wake uonyeshe bidhaa, jumla na nambari ya till pekee. Geuza pia skrini ya keshia isionekane kutoka mlangoni au kupitia dirishani.

Jambo la mwisho: kebo ya skrini yako ikichomoka, Windows inaweza kuhamishia madirisha yote kwenye ile iliyobaki, yaani ya mteja. Ikitokea hivyo, funga ukurasa wa miamala kwanza, kebo baadaye.

Na hata ukiwa na skrini mbili, kanuni ni ile ile: usitoe bidhaa kwa kuona ujumbe kwenye simu ya mteja. Subiri uone pesa imeingia upande wako. Na PIN haiombwi na sisi, wala na duka lolote.