Upepo ni wa Bure, Umeme Wake una Gharama

Mvuvi wa pwani anaujua upepo. Kaskazi na kusi ndizo zinazosukuma jahazi lake. Upepo huo haununui. Lakini tanga hulinunua, na kamba pia. Asipokuwa na tanga, upepo humpita tu.

Umeme wa upepo ni hivyo hivyo. Nchi ya Denmark, iliyoko kaskazini ya Ulaya, imekuwa ikizalisha umeme kwa upepo wa baharini tangu mwaka 1991. Ndugu msomaji, tuone serikali ya huko ilivyopanga kazi hiyo, na mahali ilipokwama.

MAFUTA YALIPANDA BEI

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda sana duniani. Denmark iliumia. Karibu nishati yake yote ilitokana na mafuta yaliyonunuliwa nchi za nje. Siku za Jumapili watu walikatazwa kuendesha magari ili kuokoa mafuta. Wananchi waliona ukweli wa methali isemayo, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Walianza kujenga mitambo ya upepo nchi kavu. Kisha waliiangalia bahari. Baharini upepo una nguvu zaidi, maana hauzuiwi na miti, vilima wala nyumba.

Mwaka 1991 mitambo 11 ilisimamishwa baharini mahali paitwapo Vindeby, karibu na kisiwa cha Lolland. Yote kwa jumla ilikuwa na nguvu ya megawati 5 hivi. Megawati moja yaweza kuwasha taa 100,000 za wati 10 kwa wakati mmoja. Mitambo hiyo ilifanya kazi miaka 25, ikaondolewa mwaka 2017. Siku hizi mtambo mmoja mkubwa una megawati 14 au 15. Huo mmoja unaishinda yote 11 ya zamani.

SERIKALI HUPANGA KWANZA

Bahari ina watumiaji wengi. Wamo wavuvi. Zimo njia za meli. Wapo ndege na samaki. Kwa hiyo serikali huchagua mahali pa kujenga. Hupima kina cha maji na udongo wa chini. Kisha hutangaza zabuni, na makampuni hushindana.

Vibali vikuu hutolewa na ofisi moja ya nishati. Anayetaka kujenga hazungushwi ofisi hadi ofisi. Wavuvi wanaopoteza mahali pa kuvulia hujadiliana kuhusu fidia yao.

Wananchi nao husikilizwa. Karibu na mji mkuu, Copenhagen, pana mahali penye maji machache paitwapo Middelgrunden. Mpango wa kwanza ulikuwa kuweka mitambo 27 katika safu tatu. Watu walitoa maoni yao. Mpango ukabadilishwa, ikawa mitambo 20 katika mstari mmoja uliopinda. Ilijengwa mwaka 2000.

Mitambo 10 kati ya hiyo ilikuwa ya chama cha ushirika. Zaidi ya watu 8,000 walinunua hisa. Walipoiona mitambo ikizunguka, waliona mali yao.

ZABUNI ILIYOKOSA MTU

Mwaka 2021 ilitolewa zabuni ya eneo la Thor, katika Bahari ya Kaskazini. Makampuni kadhaa yalitoa bei ile ile. Ikabidi kupiga kura ya bahati. Kampuni iliyoshinda ilikubali kuilipa serikali kroni bilioni 2.8. Kroni ndiyo fedha ya Denmark.

Serikali ikaona kazi hii haihitaji msaada tena. Mwaka 2024 ilitangaza zabuni kubwa zaidi. Haikutoa ruzuku yo yote. Tena kampuni ilitakiwa kuilipa serikali, na kugharimia waya wa kufikisha umeme nchi kavu. Siku ya mwisho, tarehe 5 Desemba, maeneo matatu ya Bahari ya Kaskazini hayakupata hata mwombaji mmoja.

Kwa nini? Chuma kilikuwa kimepanda bei. Riba ya mikopo nayo ilikuwa imepanda. Tena, upepo ukivuma sana mitambo yote huzalisha pamoja. Umeme hujaa sokoni na bei hushuka. Makampuni yaliogopa hasara.

Mei 2025 serikali iligeuza mpango. Ilitenga hadi kroni bilioni 55 kwa ajili ya megawati 3,000. Fedha hizo hazigawiwi tu. Serikali na kampuni hupatana bei. Bei ya soko ikishuka chini ya hapo, serikali huongeza kilichopungua. Ikipanda juu, kampuni hurudisha ziada. Mkulima wa pamba, aliyewahi kuona bei ikianguka wakati wa mavuno, ataelewa faida ya mapatano hayo.

Lakini fedha hizo ni za wananchi. Zikiwa nyingi mno, mlipa kodi ataumia. Zikiwa chache mno, hakuna atakayejenga. Kazi ya serikali ni kupata kipimo kilicho sawa, na kukirekebisha mambo yanapobadilika.

JADILINI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini zabuni ya mwaka 2024 ilikosa mwombaji?
2. Wananchi wa Copenhagen walipata faida gani kwa kuwa na hisa?
3. Mtambo ukijengwa mahali pa kuvulia, wavuvi watendewe nini?