Godoro la Kizingitini: Lipia Uzito, Si Unene

Anayenunua godoro Kizingitini hulipa mara mbili: bei ya dukani, kisha nauli ya chombo hadi kisiwa cha Pate. Ndiyo maana godoro rahisi linalobonyea mapema huwa ghali kuliko linavyoonekana. Wengi hutazama unene, lakini kinachodumisha sponji ni uzito wake kwa ujazo: sponji nyepesi imejaa hewa, na kuta zake nyembamba huchoka haraka chini ya nyonga na mabega. Basi linyanyue, likalie ukingoni, ulale juu yake kwa ubavu kabla ya kulipa. La springi nalitilia shaka, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma upesi.

Mvuvi atasema, na ana haki, kwamba msimu wa kusi bahari ikichafuka fedha hupungua. Kwake yeye godoro la sufi bado lina heshima yake: likigandamana hufumuliwa, sufi ikachambuliwa, ikaanikwa juani na kushonewa upya. Lakini mwenye uwezo wa kutoa bei kubwa asiitoe kwa ajili ya kitambaa cha maua. Adai dhamana ya maandishi, na risiti aiweke.