Ulikula kwa sufuria? Imani za bahati zinazotufuata hadi siku ya harusi

Mvua ilianza saa nne asubuhi, bi harusi akiwa bado na rola kichwani. Hayakuwa manyunyu. Ilikuwa ile mvua ya Novemba ya Machakos, inayogeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Mwenye hema alinipigia simu kuuliza kama bado tunataka viti vipangwe uwanjani. Dereva wa gari la maharusi akasema kile kilima chetu yeye hapandi, hata tumwongeze pesa.

Dadangu alitoka nje akasimama chini ya paa, akatazama maji yakipita mlangoni, halafu akanigeukia.

"Ni ile sufuria," akasema.

Kama umelelewa Kenya hii, huhitaji kuelezewa. Ukila kwa sufuria badala ya sahani, mvua itanyesha siku ya harusi yako. Mimi na dadangu tulikua tukipigania ukoko wa wali kila Jumapili kule Umoja, na yeye ndiye alikuwa bingwa. Mama alikuwa akimwambia, "Endelea tu, utaolewa na gambuti." Tulicheka miaka yote hiyo. Asubuhi ile hakuna aliyecheka.

Mtu pekee aliyefurahi ni susu, nyanya yetu. Alitoka na fimbo yake hadi kwenye mvua, akapiga kigelegele, akasema huyu mtoto amebarikiwa. Kwake yeye, mahali ambapo watu hupanda mahindi wakiangalia juu kwa wasiwasi, mvua haiwezi kuwa mkosi hata siku moja.

Hapo ndipo nilianza kujiuliza. Mvua ni ile ile. Mbona mmoja anaona laana na mwingine anaona baraka?

Kalenda haijui ukoko

Tuanze na ukweli wa kawaida. Mvua ya masika hapa kwetu hunyesha kati ya Machi na Mei, na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Ukiweka harusi Aprili au Novemba, umejialika mwenyewe. Ndiyo maana Agosti kumbi hujaa: kumekauka kiasi, na shule zimefungwa. Desemba nayo hujaa kwa sababu watu wako likizo na ushago umechangamka, mvua ipende isipende.

Nadhani hilo onyo la sufuria halikuwa la hali ya hewa. Lilikuwa la adabu. Mzazi mwenye watoto watano na sufuria moja hawezi kukubali mmoja aivamie kabla wengine hawajapakuliwa. Ukimwambia mtoto "usiwe mlafi" hatasikia. Ukimwambia harusi yake italowa, ataweka kijiko chini.

Ni kama ile ya kufagiliwa miguu. Mtaani kwetu tuliambiwa ukifagiliwa miguu hutaoa wala kuolewa. Matokeo yake ni kwamba ukiona ufagio unakuja, unainuka na kumpisha anayefagia. Sijui kama iliwahi kuzuia ndoa yoyote, ila nyumba ilifagiwa vizuri.

Gauni la malkia

Zingine tumeazima mbali. Wasee wengi hudhani gauni jeupe limeandikwa mahali fulani kwenye Biblia. Wapi! Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert mwaka 1840, alivaa nyeupe. Kabla ya hapo wanawake wengi kwao waliolewa kwa nguo yao nzuri kuliko zote, iwe ya rangi gani. Nyeupe ilikuwa ngumu kufua, kwa hivyo aliyeivaa alikuwa anasema kimyakimya kwamba pesa anazo. Baadaye ndipo ikapewa maana ya usafi, ikasafiri na kanisa hadi huku, na leo bi harusi wa Kayole anakodisha gauni la siku moja kwa pesa ambazo zingelipa nyumba miezi kadhaa.

Waingereza hao hao wana desturi ya bi harusi kubeba kitu cha kale, kipya, cha kuazima na cha buluu, na wengine huongeza sarafu ndani ya kiatu ili nyumba isikose pesa. Kile cha kuazima kilitakiwa kitoke kwa mwanamke mwenye ndoa yenye furaha, ndipo bahati yake iambukize. Dadangu alikuwa ameambiwa haya na mpambaji wake. Akaazima hereni za shangazi yetu. Nilitaka kumkumbusha kwamba shangazi huyo na mumewe huongea kupitia watoto, lakini nikanyamaza.

Pete nayo tunaivaa kidole cha nne kwa sababu Warumi wa kale waliamini kuna mshipa unaotoka pale moja kwa moja hadi moyoni. Daktari yeyote atakuambia damu ya vidole vyote hurudi moyoni. Lakini hakuna anayetaka kusikia hayo akiwa madhabahuni.

Pwani wanajua kulinda bi harusi

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa hunicheka kila nikimwambia harusi ya bara huchukua siku moja. Kwao bi harusi huwekwa ndani siku kadhaa kabla, jua lisimpige na macho ya watu yasimzoee. Anasuguliwa singo hadi ngozi inanukia, anachorwa hina mikononi na miguuni, nguo zinafukizwa udi. Kuna somo, yaani mwanamke mkubwa wa kumfundisha mambo ya unyumba ambayo mama mzazi hawezi kumwambia. Kuna leso ya kisutu, ile yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kuna vugo, ngoma ya akina mama wakigonga pembe kusindikiza furaha.

Ukiuliza kwa nini afichwe, utaambiwa ni husuda. Jicho baya. Uzuri ukianikwa mapema, unaharibika. Wahindi wa Nairobi na Mombasa nao wana lao kuhusu hina: ikikolea sana, basi bi harusi atapendwa sana huko aendako.

Rafiki yangu alinipa maelezo mengine. Alisema dadake alipoolewa alikuwa na hofu, kwa sababu alikuwa anahamia kwa watu asiowajua. Zile siku za kukaa ndani, akipakwa na kuimbiwa na wanawake waliopitia njia hiyo, ndizo zilimtuliza. "Wewe ita ushirikina," akaniambia. "Yeye alilala usingizi."

Mate, nyasi na leso

Bara nako hatujambo. Baba wa Kimaasai humbariki bintiye anayeolewa kwa kumtemea mate. Kwa mtoto wa mjini hiyo ni matusi, lakini kwao mate ni kitu kinachotoka ndani ya mtu, na mzee anampa mtoto sehemu yake. Bi harusi huyo akianza safari ya kwenda kwa mume haangalii nyuma, maana huambiwa atageuka jiwe. Fikiria msichana anayeacha boma la mamake, labda akiwa analia. Mtu akimwambia asiangalie nyuma, anamsaidia kutembea.

Wakalenjin hufungana nyasi mkononi, segutiet, ishara ya ndoa kabla pete za dukani hazijajulikana. Kwa Wakikuyu, siku ya ngurario bwana harusi huletewa wanawake kadhaa waliofunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, achague wake. Akikosea, anatozwa faini na aibu juu. Nimeona jamaa mmoja akiinama kuangalia vidole vya miguu kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Alipatia. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe kuliko hata siku ya kanisani.

Mbuzi za mama

Sasa nikuambie ile ambayo hainichekeshi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ilikuwa karo. Baba alikuwa amesimamishwa kazi, deni likapanda, jina langu likakosekana kwenye orodha ya mtihani, nikarudi nyumbani na begi. Hakuna siri hapo. Lakini kwenye familia, jamaa walikuwa na jibu lao. "Ni zile mbuzi," shangazi alisema mbele yangu, kama anataja ugonjwa.

Mbuzi gani? Baba na mama walianza kuishi pamoja kwa ile mtindo ya njoo tuishi. Walipendana, wakapata chumba, tukazaliwa. Baba hakuwahi kupeleka ntheo, wale mbuzi ambao kwetu Ukambani ndio hufunga ndoa. Bila hao, wazee watakuambia mwanamke bado ni wa kwao na watoto ni wa wajomba. Kila kitu kilichoharibika nyumbani, kuanzia kazi ya baba hadi chuo changu, kuna mtu alikihesabia mbuzi.

Nilichukia sana maneno hayo. Sikutaka kusikia kwamba nilikosa mtihani kwa sababu ya mifugo. Nilijua risiti ya karo ilisema nini.

Halafu shemeji akaja kuomba mkono wa dadangu. Mjomba mkubwa, kakake mama, akatuma ujumbe mfupi: huyu baba yenu atakulaje mbuzi za binti, na za mama yake bado hajaleta? Na hilo si la Wakamba pekee. Jamii nyingi Kenya hazimruhusu baba kupokea mahari ya binti ikiwa ya mama bado ni deni. Kuna mahali hata mke akifa, mume huambiwa alipe kwanza ndipo amzike.

Baba angeweza kukataa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano, ikiwemo ya kimila, na inasema mahari ikihitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Nilimsomea kwenye simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hiyo ni ya kortini. Mimi naenda kwa watu."

Tukaenda. Jumamosi moja ya Septemba, watu kumi na wawili kwenye matatu ya kukodi, mbuzi watatu nyuma na sukari, mchele, blanketi. Nilidhani watatuaibisha. Mjomba alizunguka kila mbuzi, akashika mgongo, akakohoa, akasema huyu mmoja ni kama alikuja kwa miguu. Watu wakacheka. Hapo mambo yakalegea.

Kitu ambacho sitasahau ni mama. Wadogo zake wote walishafanyiwa sherehe, na siku hizo zote yeye alikuwa jikoni akipika. Sikuwahi kujua hakuwa anapenda tu kupika. Hakuwa na kiti cha kukaa na wanawake ambao mambo yao yameshatengenezwa. Siku hiyo dadake alimshika mkono akamwondoa jikoni, akamketisha, akamvisha leso mpya. Mama yangu wa miaka hamsini na tatu akainamisha kichwa kama msichana.

Sikurudi chuo baada ya hapo. Karo haikulipwa na mbuzi, na baba bado anatafuta kazi. Kama ni mkosi ulitoka, basi ulitoka polepole sana. Lakini kulikuwa na deni, na deni halikuwa la mizimu. Lilikuwa la mtu mmoja aliyekuwa akiishi nasi nyumba moja, na hakuwahi kulidai.

Utajuaje ya kushika na ya kuacha?

Kwa wewe unayepanga harusi sasa hivi, na una shangazi anayekutumia voisi noti za dakika saba, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, uliza "kwa nini" kwa heshima, na umuulize mtu mzee kuliko wote. Mara nyingi chini ya imani kuna hofu au mahitaji ya mtu fulani. Ukiyapata hayo, utajua la kufanya.

Pili, angalia nani analipa. Hereni za kuazima ni bure. Ila mtu akikuambia bila keki ya ngazi tano ndoa haitasimama, huyo anauza keki. Na anayetaka pesa "kuondoa mkosi" kwenye ndoa yako, mkimbie. Hakuna bahati inayolipiwa kwa mkopo wa simu.

Tatu, usitumie mila kumnyamazisha mtu. Ndoa ikiwa na vita, si kwa sababu pete ilianguka ukumbini au kwa sababu nani hakula nini. Msimwambie mwanamke anayepigwa kwamba ni mbuzi hawakufika.

Nne, ile isiyogharimu kitu na inayomfurahisha nyanya, ifanye tu. Utapungukiwa na nini?

Kuhusu ile harusi, mvua haikukatika. Vijana wa boda boda walijitolea, wakafunga minyororo ya kamba kwenye magurudumu, wakasukuma gari la maharusi hadi juu wakiimba. Gauni la kukodi lilichafuka hadi magotini, na mwenye duka alitukata amana yote. Mjomba, yule yule wa kukohoa, ndiye alimshikia dadangu mwavuli kutoka garini hadi hemani, yeye mwenyewe akilowa.

Jioni, baada ya wageni kuondoka, nilimkuta bi harusi jikoni na mumewe. Sahani zilikuwa zimeisha. Walikuwa wakila pilau kwa sufuria moja, vijiko viwili.

Sikusema kitu. Mvua ilikuwa imeshanyesha.